Antonie van Leeuwenhoek: Muuza Nguo Aliyechungulia Tone la Maji

Mwanafunzi, teka maji ya bwawa katika gilasi, kisha uyatazame kwenye mwanga wa jua. Huenda utaona kipande cha jani, chembe za udongo, au kiluwiluwi cha mbu kikijipinda na kujinyoosha. Ukisha kuona hayo utadhani kwamba umeona kila kilichomo. Sivyo. Ndani ya tone moja la maji hayo mnaweza kuwa na maelfu ya viumbe wanaokula, wanaotembea na kuzaana, nawe huwaoni hata mmoja. Tangu watu walipoanza kuteka maji duniani viumbe hao walikuwamo, wala hakuna aliyejua habari zao.

Katika somo hili utasoma maisha ya mtu wa kwanza kuwaona. Hakuwa daktari, na hakupata kusoma chuo kikuu. Alikuwa muuza nguo. Jina lake ni Antonie van Leeuwenhoek, nalo hutamkwa Levenhuk.

1. Utoto na ujana wake

Leeuwenhoek alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, nchini Uholanzi. Baba yake alikuwa msusi wa vikapu. Baba huyo alifariki mtoto akiwa bado mdogo, hajatimiza hata miaka sita. Baadaye mama yake aliolewa tena, na Antonie akapelekwa shule katika mji mwingine, kisha akakaa kwa mjomba wake.

Siku zile vitabu vya elimu ya juu viliandikwa kwa Kilatini. Mtu asiyejua Kilatini alihesabiwa kuwa hana elimu. Antonie hakufundishwa lugha hiyo. Katika maisha yake yote alijua Kiholanzi tu, lugha ya mama yake. Likumbuke jambo hili, maana utaliona tena mbele.

Alipotimiza miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza kazi katika duka la vitambaa. Je, wajua muuza vitambaa hodari hutambuaje kitambaa kizuri? Huhesabu nyuzi zake. Kitambaa chenye nyuzi nyingi zilizobanana ni imara, na chenye nyuzi chache huchakaa upesi. Lakini nyuzi ni nyembamba, na macho huchoka. Kwa hiyo wauza nguo walitumia lenzi, yaani kioo kilichobinuka, ambacho hukuza kitu kitazamwacho. Hivyo ndivyo kijana huyu alivyozoea kutazama vitu vidogo kwa lenzi.

Mwaka 1654 alirudi Delft, akaoa, akafungua duka lake mwenyewe. Maisha hayakuwa mepesi. Kati ya watoto watano aliowazaa na mke wake, ni binti mmoja tu, Maria, aliyeishi hadi utu uzima. Mke naye alifariki mwaka 1666. Mbali na duka, Leeuwenhoek alifanya kazi katika ofisi za mji. Alikuwa mtunzaji wa chumba cha mahakimu, mpima ardhi, na mpimaji wa mapipa ya mvinyo. Kazi hizo zilimfundisha kupima kwa uangalifu na kuandika hesabu bila kubahatisha.

2. Hadubini ndogo kuliko kidole

Chombo cha kutazamia vitu vidogo mno huitwa hadubini. Leeuwenhoek siye aliyebuni hadubini ya kwanza. Mwaka 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alikuwa amekwisha kutoa kitabu chenye picha kubwa za viroboto, chawa na ukungu, alivyovitazama kwa hadubini. Hooke alitazama pia gome jepesi la mti, akaona limegawanyika katika vyumba vidogo vingi. Vyumba hivyo aliviita seli. Lakini seli alizoziona katika gome lile zilikuwa zimekufa. Zilikuwa kuta tupu, kama mapango ya sega lisilo na asali.

Hadubini za wakati ule zilikuwa na lenzi mbili au zaidi, nazo zilitoa picha yenye ukungu na rangi rangi pembeni. Leeuwenhoek alitumia njia nyingine. Alitengeneza lenzi moja tu, ndogo kama punje na safi kabisa. Lenzi hiyo aliibana kati ya vibati viwili vya shaba au fedha, kila kimoja kikiwa na tundu dogo. Nyuma ya tundu aliweka sindano ya kushikilia kitu kinachotazamwa, na skrubu za kukisogeza. Chombo chote kilitosha kiganjani. Ili kuona, ilimpasa akisogeze karibu kabisa na jicho, akielekea kwenye mwanga.

Usidharau udogo wake. Kati ya hadubini zake zilizobaki hadi leo, iliyo bora hukuza kitu kiasi cha mara 270. Mtu angeweza kufanya kazi mchana kutwa kutengeneza lenzi moja kama hiyo. Yeye alitengeneza zaidi ya 500 katika maisha yake. Mara nyingi alipopata kitu kizuri cha kutazama, alikiacha palepale kwenye sindano na kutengeneza hadubini nyingine.

3. Viumbe ndani ya maji

Karibu na Delft palikuwa na ziwa dogo. Kila mwaka wakati wa joto maji yake yalibadilika rangi, na juu yake yakaelea mawingu mawingu ya kijani. Watu wa pale walisema kwamba ni umande unaoharibu maji. Leeuwenhoek hakupinga wala hakukubali. Mwaka 1674 alichota maji hayo katika chupa, akarudi nyumbani, akayatazama.

Aliona nyuzi za kijani zilizojisokota kama kamba. Kati ya nyuzi hizo aliona viumbe wadogo mno, wa rangi mbalimbali, wakienda juu, chini na kuzunguka. Walikuwa hai. Mwaka huo huo alitazama damu, akaeleza kwamba rangi yake nyekundu inatokana na chembe ndogo za duara zinazoelea katika maji yasiyo na rangi. Leo twajua kwamba chembe hizo ni seli nyekundu za damu. Ni ndogo kiasi kwamba kama 130 zikipangwa mstari mmoja, mstari huo hautazidi milimita 1.

Mwaka 1676 alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha ulimi. Alidhani labda chembe zake zina ncha kali. Akaloweka pilipili katika maji kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha akatazama. Hakuziona ncha kali. Aliona umati wa vijidudu, vingine vidogo sana hata vilivyokuwa katika maji ya ziwa vilionekana vikubwa mbele yao. Hivyo ndivyo vijidudu tunavyoviita bakteria. Alitafuta jibu la swali moja akapata jambo kubwa zaidi, ambalo hakuliuliza.

4. Watu hawakumsadiki

Katika mji wa London palikuwa na chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society, yaani Chama cha Kifalme cha Sayansi. Daktari mmoja wa Delft, Reinier de Graaf, ndiye aliyewajulisha wataalamu hao habari za jirani yake mnamo mwaka 1673. Tangu hapo Leeuwenhoek aliwaandikia barua kwa Kiholanzi, nazo zikatafsiriwa huko London.

Barua ya mwezi Oktoba 1676, iliyoeleza vijidudu vya maji ya pilipili, iliwashangaza sana. Jiweke mahali pao, mwanafunzi. Anakuandikia muuza nguo asiyejua Kilatini. Anasema kwamba katika tone la maji mna viumbe wengi kuliko watu wa nchi nzima. Hakuna mwingine aliyepata kuwaona. Je, ungemsadiki?

Wataalamu wa London walijaribu kutazama kwa hadubini zao, wasione kitu. Kama jambo lingeishia hapo, Leeuwenhoek angehesabiwa kuwa mwongo au mtu anayeota mchana. Yeye hakukasirika, wala hakuacha kazi. Aliwaita watu wanane wanaoheshimika, wakiwamo viongozi wa dini, wakaja wakatazama kwa macho yao. Kila mmoja aliandika alichokiona na kutia sahihi, na maandishi hayo yakapelekwa London.

Hata hivyo katika sayansi ushahidi wa watu hautoshi. Lazima mwingine aweze kurudia kazi ile ile na kupata jibu lile lile. Robert Hooke alijitwika kazi hiyo. Aliloweka pilipili, akatengeneza lenzi bora, akatazama tena na tena. Mwezi Novemba 1677 aliwaonyesha wenzake wa chama vijidudu vikiogelea. Muuza nguo alikuwa amesema kweli. Mwaka 1680 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, ingawa hakupata kwenda London kuhudhuria hata mkutano mmoja.

5. Kutazama kila kitu

Sasa wakubwa kwa wadogo walibisha hodi nyumbani kwake. Mwaka 1698 Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, alipita Delft, na Leeuwenhoek akamwonyesha damu ikipita katika vijishipa vyembamba vya mkia wa mkunga aliye hai.

Mwaka 1683 aliandika habari za ukoga wa meno. Alikwangua ukoga wa meno yake mwenyewe, akaukuta umejaa vijidudu vinavyocheza. Miaka michache baadaye alishangaa kuona kwamba ukoga wa meno yake ya mbele hauna vijidudu hai. Alifikiri, akakumbuka kwamba kila asubuhi alikunywa kahawa ya moto sana. Akasema huenda ni ule moto unaoviua. Ndiyo maana wewe nawe unaambiwa uchemshe maji ya kunywa.

Alipokwisha kupita miaka 80 alikuwa bado akitazama. Alitaka kuona nyuzi za nyama ya ng'ombe, lakini nyuzi hizo ni nyeupe, nazo hazionekani vizuri mbele ya mwanga. Basi alichukua zafarani, kiungo kile kile kinachotia pilau rangi ya manjano, akakiloweka katika kileo, akazitia nyuzi rangi. Hapo zikaonekana. Hilo lilikuwa wazo kubwa: kisichoonekana wazi, kitie rangi.

Leeuwenhoek alifariki mwezi Agosti 1723, akiwa na umri wa miaka 90. Hata alipokuwa mahututi alimwomba rafiki yake atafsiri barua zake mbili kwa Kilatini na kuzipeleka London. Binti yake Maria, aliyemtunza miaka yote, alipeleka huko hadubini 26 za fedha, kama baba yake alivyousia.

6. Siri aliyokwenda nayo

Hatuna budi kusema pia kosa lake. Leeuwenhoek aliwaonyesha wageni hadubini zake za kawaida. Zile zilizo bora alizificha, na namna ya kuzitengeneza hakumfundisha mtu yeyote. Alipokufa, ufundi huo ulikufa pamoja naye. Hadubini zake nyingi ziliuzwa mnadani baada ya kifo cha Maria. Hata zile 26 za London zilipotea baadaye. Kwa zaidi ya miaka 100 elimu ya vijidudu ilisonga polepole mno. Katika muda huo watu waliendelea kufa kwa kipindupindu na kifua kikuu bila kujua kwamba chanzo ni bakteria. Ilikuwa hadi mwaka 1882 ndipo daktari wa Ujerumani, Robert Koch, alipoonyesha bakteria wa kifua kikuu.

Siri yenyewe ilikuwa nini? Mwaka 2021 wanasayansi wa Uholanzi walitangaza kwamba wamechungulia ndani ya hadubini zake mbili bila kuzifungua, kwa kutumia miali inayopenya bati. Lenzi ya ile yenye nguvu zaidi ilikuwa kitone cha kioo kilichoyeyushwa kwa moto kikawa mviringo. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuelezwa na Robert Hooke katika kitabu chake cha mwaka 1665, kwa mtu yeyote apendaye kusoma.

7. Kazi inayoendelea: seli zinazong'aa

Wazo la kutia rangi liliendelea. Ukienda zahanati ukiwa na homa, mganga huchukua tone la damu yako, hulipaka juu ya kipande cha kioo na kulitia rangi. Kisha hutazama kwa hadubini kama mna vijidudu vya malaria. Rangi hufanya vijidudu vionekane wazi. Lakini ina kasoro moja: seli zilizotiwa rangi hivyo zimekwisha kufa. Huwezi kujua kiumbe hutembeaje kwa kutazama mzoga wake. Wanasayansi walitamani rangi ambayo seli hai ingejitia yenyewe, bila kudhurika.

Rangi hiyo ilipatikana baharini. Wako wanyama laini kama uteute waelekeao juu ya maji, ambao watu wa pwani huwaita konyeza au yavuyavu. Katika bahari ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini iko aina moja ya konyeza ambaye ukingo wa mwili wake hung'aa kijani. Mwaka 1961 Mjapani Osamu Shimomura aliwavua konyeza wapatao 10,000 ili kujua nuru hiyo hutoka wapi. Mwaka 1962, pamoja na wenzake, alieleza kwamba ndani yao mna protini ya ajabu. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu, yenyewe hutoa mwanga wa kijani.

Protini, kama ulivyosoma katika somo la vyakula, ndizo zinazojenga mwili. Seli hutengeneza kila protini kwa kufuata agizo la urithi, ambalo huitwa jeni. Mwaka 1992 Mmarekani Douglas Prasher aliisoma jeni ya protini hiyo ya kijani. Fedha za kuendeleza kazi yake zilikwisha. Hakuificha jeni ile. Aliwapelekea wenzake walioiomba. Mmoja wao, Martin Chalfie, aliitia katika bakteria na katika mnyoo mdogo wa urefu wa milimita 1. Mwaka 1994 alitangaza kwamba baadhi ya seli za mnyoo huyo zilikuwa ziking'aa kijani, naye mnyoo yu hai na anatembea. Mwingine, Roger Tsien, aliibadili protini hiyo ikatoa rangi nyingine nyingi, ili seli mbalimbali ziweze kutofautishwa. Mwaka 2008 Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Prasher hakuwamo, lakini wenzake walikiri wazi kwamba bila jeni aliyowapa wasingefika.

Leo wanasayansi wameitia alama hiyo katika vijidudu vya malaria vinavyowashambulia panya. Kwa hadubini wameviona, vikiwa hai na vikimeremeta, vikitembea ndani ya mbu na chini ya ngozi baada ya mbu kuuma. Kujua njia apitayo adui ni mwanzo wa kumzuia.

Basi, mwanafunzi, linganisha watu wawili hawa. Leeuwenhoek alikuwa na macho makali, subira, na ukweli usioyumba, hayo tuige. Lakini alificha ufundi wake, na dunia ikachelewa. Prasher alitoa alichokuwa nacho, na baada ya miaka michache dunia nzima ikafaidika. Elimu ukimgawia mwenzio haipungui kwako.

Jaribio

Chukua kipande cha plastiki kinachopenya mwanga. Kwa bua au mrija, dondoshea juu yake tone dogo la maji. Kiweke juu ya maandishi ya gazeti, kisha kiinue polepole. Herufi zinaonekanaje? Jaribu tone kubwa, halafu dogo zaidi. Lipi hukuza zaidi? Sasa tazama kipande cha khanga kwa tone hilo, uhesabu nyuzi zilizomo katika sentimita 1. Andika hesabu yako, kisha mwombe mwenzako ahesabu tena bila kumwambia jibu lako. Je, mmepata sawa?

Maswali

1. Ni kazi gani iliyomzoeza Leeuwenhoek kutumia lenzi?
2. Seli alizoziona Hooke katika gome zilitofautianaje na viumbe aliowaona Leeuwenhoek?
3. Kwa nini ushahidi wa watu wanane haukutosha? Hooke alifanya nini?
4. Leeuwenhoek alitumia zafarani kwa kusudi gani?
5. Rangi inayotumika zahanati ina kasoro gani? Protini ya konyeza huiondoaje kasoro hiyo?
6. Eleza hasara iliyotokea kwa sababu Leeuwenhoek alificha ufundi wake.